Homa ya ini: kipimo kimetoka chanya, sasa nifanyeje?

Barua za homa ya ini zimejaa mezani kwetu, na nyingi zinaanza vilevile. Mtu alipima kwa sababu nyingine kabisa, akaambiwa ana B au C, kisha akaachwa na karatasi mkononi bila kuelezwa hatua inayofuata. Tumechagua barua saba, tukazifupisha na kuacha majina.

Nilikwenda kuchangia damu kwa ajili ya shemeji yangu aliyekuwa anafanyiwa upasuaji. Baadaye nikaitwa, nikaambiwa nina homa ya ini B. Sina manjano wala maumivu, shamba nalima kama kawaida. Muuguzi mmoja kasema nirudi baada ya miezi sita, mwingine kasema nianze dawa mara moja. Nimsikilize yupi? – Baba wa watoto watatu, Morogoro

Ndugu yetu, kila mmoja ana sehemu ya ukweli, ila wote wawili wameruka hatua ya katikati.

Kipimo ulichofanyiwa kinaitwa HBsAg. Kinatafuta ganda la nje la virusi kwenye damu. Kikiwa chanya, virusi vimo mwilini. Hakielezi viliingia lini, vipo kwa wingi gani, wala ini lina hali gani. Mtu anayeambukizwa ukubwani kwa kawaida huvishinda mwenyewe: chini ya watu 5 kati ya 100 ndio hubaki navyo. Mtoto mchanga anayevipata kwa mama yake mambo ni kinyume, maana takribani 90 kati ya 100 hubaki navyo maisha yote. Ndiyo sababu HBsAg hurudiwa baada ya miezi 6; kikiwa bado chanya, ugonjwa huhesabiwa kuwa wa kudumu. Wengi wanaogunduliwa kama wewe, bila dalili yoyote, waliambukizwa wakiwa wachanga au wadogo.

Miezi hiyo 6 lakini usiikae bure. Omba sasa hivi vipimo hivi: ALT na AST, ambavyo ni vimeng'enya vya ini, FBP, yaani picha kamili ya damu, kreatinini ya figo, virusi vya C, VVU, na ultrasaundi ya tumbo. Wingi wa virusi, unaoandikwa HBV DNA, hupimwa kwenye hospitali kubwa na ndicho kipimo cha gharama zaidi. Ukikikosa, bado kuna mengi ya kujua kwa vile vya bei nafuu.

Chukua karatasi yako utazame AST na chembe sahani, zile zilizoandikwa PLT. Gawa AST yako kwa kiwango cha juu cha kawaida cha maabara hiyo, kisha gawa kwa PLT, kisha zidisha kwa 100. Tuseme AST ni 48, kiwango cha juu cha maabara ni 40, na PLT ni 160: 48 kwa 40 ni 1.2, gawa kwa 160, zidisha kwa 100, unapata 0.75. Hesabu hii inaitwa APRI. Kwa mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2024, mtu mzima akizidi 0.5 anahesabiwa kuwa ini limeanza kupata makovu ya maana, na akizidi 1 huenda limeshasinyaa. Huyo wa mfano wetu anastahili dawa hata kama anajisikia mzima.

Njia nyingine ya kuingia kwenye dawa ni kuwa na virusi zaidi ya IU 2,000 (IU ni kizio cha kimataifa cha kuhesabia virusi) kwa mililita ya damu pamoja na ALT iliyopanda. Hapa kuna mtego. Maabara nyingi huandika kawaida ya ALT ni hadi 40, lakini mwongozo huo unahesabu 30 kwa mwanamume na 19 kwa mwanamke. Mwanamke mwenye ALT ya 35 huambiwa "iko sawa" wakati haiko sawa. Pia dawa huanzwa bila kusubiri wingi wa virusi kwa mwenye VVU, mwenye virusi vya homa ya ini C au D, mwenye kisukari, na yule ambaye ndugu yake wa damu aliugua saratani ya ini au ini lake lilisinyaa. Waulize wazee wa ukoo juu ya hilo. Mara nyingi husemwa tu kwamba fulani "alivimba tumbo akafa".

Dawa yenyewe ni tenofovir miligramu 300, kidonge kimoja kwa siku, saa ileile kila siku. Mwenye shida ya figo hupewa entekavir miligramu 0.5, naye huimeza tumbo likiwa tupu, saa 2 baada ya kula na saa 2 kabla ya mlo unaofuata. Dozi na nafasi kati ya dozi hupangwa kwa hali ya figo zake. Usikubali kuanzishiwa tenofovir kabla ya kupima VVU, kwa kuwa kwa mwenye VVU dawa hiyo ikitumika peke yake hujenga usugu. Na jirani akiona kopo la tenofovir akadhani una VVU, mweleze: ni dawa ileile inayotibu magonjwa mawili.

Vipimo vikionyesha ini ni zima na virusi ni vichache, hutapewa dawa kwa sasa, na huko si kutelekezwa. Utarudi kila baada ya miezi 6 hadi 12 kwa ALT na APRI, maana hali hubadilika.

Mkeo na watoto wote watatu wapimwe mwezi huu. Walio hasi wachanjwe kama hawajawahi. Wewe na mkeo tumieni kondomu mpaka yeye amalize chanjo.

Shikamoo daktari. Nina mimba ya wiki 22, kliniki wamekuta nina homa ya ini B. Mama mkwe anasema nisimnyonyeshe mtoto. Je, atazaliwa nayo? – Mwanza

Marahaba binti. Umejua mapema, na hapa wakati ndio kila kitu.

Mtoto huambukizwa hasa wakati wa kuzaliwa, anapopita kwenye damu na majimaji ya mama. Bila kinga yoyote, mama ambaye damu yake ina alama ya HBeAg, yaani virusi vinazaliana kwa kasi, humwambukiza mtoto katika uzazi 70 hadi 90 kati ya 100. Asiye na alama hiyo humwambukiza katika 10 hadi 40. Kwa hiyo pima HBeAg au wingi wa virusi sasa. HBeAg ikiwa chanya, au virusi vikifika IU 200,000 kwa mililita, uanze tenofovir miligramu 300 kwa siku bila kungoja tumbo likue. Kama vipimo vyote viwili havipatikani ulipo, mwongozo wa 2024 unaruhusu kila mjamzito mwenye HBsAg apewe dawa. Utaimeza angalau hadi kujifungua, au hadi mtoto amalize chanjo zake. Siku ya kuiacha ipangwe na daktari, na upimwe ALT katika miezi inayofuata, kwani virusi huweza kuamka.

Sehemu ya pili ni sindano ya mtoto, nayo ndiyo inayokosekana mara nyingi. Chanjo ya homa ya ini B inapaswa kumfikia ndani ya saa 24 tangu azaliwe. Penta mnayoizoea kwenye kadi, ya wiki ya 6, ya 10 na ya 14, ina chanjo hii ndani yake, ila kwa mtoto wako wiki 6 ni kuchelewa mno. Dozi ya kuzaliwa haipo kila kituo. Usingoje uchungu uanze ndipo uulize. Nenda ukifika wiki ya 30 hivi, uulize kama ipo kwenye jokofu lao, na kama haipo ujue utajifungulia wapi au itanunuliwa wapi. Iandikwe kwenye kadi yako ya kliniki kwa maneno makubwa, kwa kuwa mkunga wa zamu ya usiku hatakuwa yule anayekufahamu. Ikipatikana pia ile sindano ya kingamwili zilizo tayari, HBIG, mtoto apewe ndani ya saa 12, paja la pili.

Kunyonyesha, nyonyesha. Maziwa hayaleti maambukizi haya, na kumeza tenofovir hakukuzuii. Chuchu ikipasuka ikatoa damu, pumzisha titi hilo mpaka lipone, ukikamua. Mtoto apimwe HBsAg na kinga yake akiwa na miezi 9 hadi 12. Kabla ya hapo majibu huchanganya.

Nilikuwa naenda Oman kufanya kazi za ndani. Kipimo cha afya kimeniangusha kwa homa ya ini B. Wakala anasema nichome chanjo, nirudie kipimo, kitakuwa safi. Mwingine ananiuzia dawa ya kusafisha damu. – Msichana wa Tanga

Dada yetu, usitoe hata shilingi kwa yeyote kati yao.

Chanjo humkinga asiye na virusi. Aliyenavyo haimdhuru, ila haimwondolei chochote. Tena chanjo yenyewe imetengenezwa kwa ganda lilelile ambalo HBsAg inalitafuta, hivyo mtu asiye na virusi kabisa anaweza kutoka chanya hadi siku 18 hivi baada ya kuchomwa. Kama ulichanjwa siku chache kabla ya kipimo, hapo pana matumaini ya kweli: subiri wiki 4, rudia. Kama hukuchanjwa, rudia kwenye maabara nyingine ili kuthibitisha. Kikitoka chanya tena, fuata njia tuliyomweleza ndugu wa Morogoro.

Dawa ya kusafisha damu haipo. Hata tenofovir hushusha virusi visionekane kwenye damu lakini ganda hubaki: wanaopoteza HBsAg ni kama mtu 1 kati ya 100 kwa mwaka, wakati mwingine chini ya hapo. Na ukinunua cheti cha uongo, ukifika kule unapimwa upya kwa ajili ya kibali cha kukaa, unarudishwa nyumbani na deni la wakala liko palepale.

Tunaona uchungu wa barua hii. Virusi hivi havipitii kwenye kufua, kupika wala kulea, na kipimo hiki kinawafungia kazi watu wenye nguvu kamili. Huo ndio utaratibu wa nchi za Ghuba kwa sasa. Ila ukosefu wa kazi usikufanye uikimbie kliniki, kwa kuwa ini lako linahitaji kuangaliwa popote utakapoishi.

Nyumbani tumemtengea kaka yetu sahani na kikombe kwa sababu ya homa ya ini B. Tumekosea? – Familia, Kisumu

Ndiyo. Mrudishieni. Chakula, kikombe, kukumbatiana, choo na kukohoa haviambukizi B wala C. Vitu vya kutenga ni vinavyogusa damu: wembe, mswaki, mkasi wa kucha, mashine ya kunyolea, sindano, vifaa vya kutogea masikio na vya chale. Virusi vya B hubaki hai nje ya mwili kwa siku 7 au zaidi, hata tone la damu likiwa limekauka. Likidondoka, vaa glavu, futa kwa kitambaa, kisha mwagia jiki iliyochanganywa na maji, kipimo kimoja cha jiki ya asilimia 3.5 kwa vipimo sita vya maji, uiache dakika 10. Ichanganyeni siku hiyohiyo; ya jana imeshapungua nguvu.

Kisha nyote mpime. Walio hasi wachanjwe dozi tatu: ya leo, ya baada ya mwezi 1, na ya mwezi wa 6. Watu huacha ya tatu, nayo ndiyo inayodumisha kinga. Mkichelewa, endeleeni mlipoishia, hakuna kuanza upya.

Mzee wangu ana miaka 61. Wamemkuta na homa ya ini C, na tumeambiwa haina chanjo. Basi ndiyo mwisho? – Bukoba

Chanjo haina, ila dawa ya kuponya kabisa ipo. Kwa hilo C ina nafuu kuliko B.

Kwanza hakikisheni anayo. Kipimo cha haraka cha C hutafuta kingamwili, na kingamwili hubaki hata kwa mtu aliyepona mwenyewe miaka mingi iliyopita. Kipimo cha kuthibitisha kinaitwa HCV RNA, nacho hutafuta virusi vyenyewe. Kikiwa hasi, mzee hana C na hahitaji dawa. Kikiwa chanya, hupewa sofosbuvir miligramu 400 na daklatasvir miligramu 60, kila siku kwa wiki 12. Ini likiwa limesinyaa, wiki 24. Zaidi ya 95 kati ya 100 hupona. Wiki 12 baada ya kidonge cha mwisho hupimwa tena RNA. Ikiwa hasi, amepona. Kupona huko hakumpi kinga, anaweza kuambukizwa upya.

Kabla ya kidonge cha kwanza apimwe HBsAg, kwa kuwa C ikiondolewa B iliyojificha huweza kulipuka. Na mtajieni daktari kila dawa anayomeza: dawa za kifafa kama karbamazepini, fenitoini na fenobabitoni, na rifampisini ya kifua kikuu, hupunguza nguvu ya matibabu haya. Amiodaroni ya moyo ikichanganywa na sofosbuvir huweza kushusha mapigo ya moyo kwa kiwango cha hatari.

Wazee wengi hawakumbuki waliipata wapi. Damu waliyoongezewa kabla C haijaanza kupimwa, kwa kuwa virusi vyake vilitambuliwa mwaka 1989 tu, au sindano zilizotumika kwa zaidi ya mtu mmoja. Misri ndiyo mfano mkubwa kuliko yote: kampeni za kutibu kichocho kwa sindano, tangu miaka ya 1950 hadi ya 1980, zilieneza C kwa mamilioni ya watu kwa sababu sindano hazikutakaswa sawasawa. Nchi hiyohiyo, kati ya Oktoba 2018 na Aprili 2019, ilipima karibu watu milioni 50 na kuwatibu waliokutwa nayo. Rwanda nayo imekuwa na mpango wa taifa zima. Kwa hiyo mzee asikate tamaa. Kama ini limeshasinyaa, hata baada ya kupona aendelee na ultrasaundi kila miezi 6, maana hatari ya saratani hupungua lakini haiishi.

Mtoto wangu wa miaka 7 macho yamekuwa manjano, mkojo kama chai ya rangi. Bibi yake ana dawa ya mizizi, na jirani anasema nimpe glukosi tu, nyama na mayai marufuku. – Mama, Kigoma

Mama, mizizi weka pembeni. Ini lililovimba ndilo linalosafisha kila kinachomezwa, na dawa isiyojulikana kilichomo wala kipimo chake huweza kulimaliza. Tumeona mengi ya aina hiyo kuliko tunavyotaka kuyakumbuka.

Mpeleke kituoni apimwe malaria kwanza, na selimundu (sikoseli) kama hajawahi, kwa kuwa zote mbili huleta manjano. Zikiwa hapana, kwa umri wake inayoshukiwa zaidi ni homa ya ini A. Huingia kwa maji na chakula kilichochafuliwa na kinyesi, siku 14 hadi 28 kabla ya dalili. Haina dawa na haihitaji antibiotiki, haibaki mwilini, na karibu watoto wote hupona. Ale anachokiweza, mayai na nyama vikiwemo. Glukosi haitibu ini. Parasetamoli asipewe ovyo. Abaki nyumbani wiki 1 tangu manjano yaanze, anawe kwa sabuni kila atokapo chooni, na maji ya kunywa mchemshe mpaka yatokote. Mrudisheni hospitali saa hiyohiyo akianza kuchanganyikiwa, kulala mchana na kukesha usiku, kutoka damu puani au kwenye fizi, au kutapika kila kitu.

Kama nyumbani kuna mjamzito, naye akapata manjano, msimngojee kabisa. Homa ya ini E husambaa kwa maji vilevile. Kitgum, kaskazini mwa Uganda, waliugua watu zaidi ya 10,000 katika mlipuko ulioanza mwaka 2007. Kwa mjamzito wa miezi mitatu ya mwisho, E huweza kuua hadi mmoja kati ya wanne au watano.

Namaliza mwaka wa pili wa tenofovir, virusi havionekani. Naweza kuacha? Na je, nile nini? – Dodoma

Usiache mwenyewe. Virusi vilivyonyamazishwa huamka wiki au miezi kadhaa baada ya kuacha, na kwa mwenye makovu mlipuko huo huweza kuua ini lote. Hii ndiyo ajali tunayoiogopa kuliko madhara ya dawa yenyewe. Ukisafiri, beba za mwezi mmoja zaidi. Kreatinini ipimwe angalau mara moja kwa mwaka.

Pombe acha yote. Parasetamoli, kama ini lina makovu, isizidi gramu 2 kwa siku, yaani vidonge vinne vya miligramu 500. Mengine ya mlo hayana mwiko isipokuwa moja, na kwa mtu wa Dodoma tunalisisitiza: sumukuvu. Ukungu wa mahindi na karanga zilizohifadhiwa na unyevu hutoa sumu inayoitwa aflatoksini, na mwaka 2016 watu waliugua na kufa kwa sumu hiyo Dodoma na Manyara. Sumukuvu na virusi vya B vikikutana kwenye ini moja, hatari ya saratani huzidishwa mara nyingi kuliko kila kimoja peke yake. Kuchemsha au kukaanga hakuiondoi. Anika mahindi juu ya turubai, si juu ya udongo, mpaka punje ikitafunwa ivunjike kwa mlio. Yaweke kwenye gunia kavu juu ya chaga, mbali na ukuta. Punje zilizobadilika rangi, zilizosinyaa au zilizotobolewa na wadudu zichambue kabla ya kusaga, na usizipeleke kwa kuku, kwa kuwa sumu huwadhuru nao. Karanga chungu mdomoni, tema.